Nyumba ya Njiwa Tuliyoibeba Mabegani

Kijiji cha Tupendane,
kwa mkono wa Katekista Mika,
Iringa.
18 Agosti 1974

Baba Regina,

Kamwene. Mimi na mtoto tu wazima wa mwili. Mengine usiulize, nitakuambia mwenyewe.

Tumehamishwa. Najua huko mmesikia redioni, lakini redio haisemi vumbi. Lori lilifika Lugangwa asubuhi tukiwa tunaanika ulezi, tukaambiwa jua likizama kila mtu awe amefika kijiji kipya. Wamekiita Tupendane. Tupendane! Nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya shamba la shule, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Kule Lugangwa mapaa yote yameshushwa ili mtu asipate hamu ya kurudi, na mgambo wanakaa njiani kuwazuia wenye hamu.

Mama yako alikubali kuacha kila kitu isipokuwa nyumba ya njiwa ya marehemu baba. Alisema mzee aliniachia njiwa, siwaachi kwenye magofu. Basi wanaume wakaing'oa pamoja na nguzo zake, na bati la makopo lililozungushiwa nguzo kuzuia kicheche, wakaibeba mabegani kutoka Lugangwa mpaka huku wakipokezana na kutukana. Njiwa wenyewe tukawatia kwenye matenga. Nyumba yao ikasimikwa mbele ya mlango wetu mpya, tundu zikitazama mashariki kama zilivyokuwa kule. Baba Mdogo Saulo akasema wafungiwe kwanza, wazoee. Mama akakataa katakata. Njiwa wa mzee hawafungwi kama wezi, nyumba yao si hii hapa? Akafungua.

Wakazunguka kidogo juu ya ofisi ya kijiji, wakaenda zao. Hajarudi hata mmoja.

Baba Regina, tangu siku hiyo sina raha. Unajua watu wenu wanavyosema: njiwa hakai penye ugomvi, njiwa akiihama nyumba ujue mle ndani mna mtu wa roho chafu. Mama anauliza kwa sauti, makusudi majirani wasikie, "Nyumba yao tumekuja nayo, mtama wanaokula ni ule ule, wamekimbia kitu gani kipya?" Kule Lugangwa mimi nilikuwa na nyumba yangu na jiko langu ng'ambo ya ua. Huku tumepangiwa chumba kimoja, yeye na mimi. Kwa hiyo kitu kipya ni mimi.

Regina nimemwachisha ziwa juzijuzi. Wewe ni mtu wa ukoo huu, unajua maana yake. Mtoto aliyeacha ziwa ni wa kwenu, hata mama yake akirudishwa kwao. Neno hilo la kurudishwa limeshatajwa hapa, na si mimi niliyelitaja. Mwombe huyo mzungu wako unayemwendesha gari ruhusa uje. Njoo, nakusihi.

Mkeo,
Verediana


Posta ya Mbeya,
4 Septemba 1974

Mama Regina mpenzi,

Barua yako nimeikuta dirishani leo, nimeisomea juu ya boneti la Kombi. Poleni sana kwa kuhamishwa. Lakini nilipofika kwenye njiwa nilicheka, nisamehe. Mimi huku mkate wangu ni njiwa, na wewe huko ugomvi wako ni njiwa!

Mama Gerda hataki mlima, hataki ziwa, simba akipita mbele yake atamwambia jisogeze. Anataka vibanda vya njiwa tu. Kwao Ulaya walivijenga vya mawe, vimeanguka, sasa anataka kitabu cha vile ambavyo bado vimesimama duniani. Tukikiona kimoja kando ya njia, "Simama, Liberatus!" Anashuka na kiti chake cha turubai, anachora mpaka chai inapoa. Vingine ni vya udongo na paa la nyasi kama nyumba ya mtu, vingine ni gogo lililotobolewa tu na kutundikwa upenuni. Kimoja upande wa Rungwe kina ghorofa, nakuapia, njiwa wa pale wamenizidi maisha. Watu wanamwita Mama Njiwa. Mimi wananiita Mume wa Mama Njiwa, usinune, ana umri wa kumzaa mama.

Hilo Kombi sasa! Ndani mna kitanda, jiko la gesi, sinki, na pazia za maua. Juzi tulipita mahali watu wanashushwa kwenye lori na vyungu vyao, wakaacha kushuka wakatutazama. Mzee mmoja akaniuliza, "Na huyu naye kahamishwa?" Nikasema hapana, huyu anahama kwa kupenda. Akasema, "Ndiyo maana wamemwachia nyumba."

Na kuna kitu cha ajabu nilikiona Usangu. Mfugaji mmoja Msukuma, anaitwa Budeba, alitupeleka penye mahame ya jirani zake waliohamishwa. Hakuna nyumba, hakuna hata kibanda cha njiwa, walikibeba kama mlivyobeba chenu, yamebaki mashimo ya nguzo. Lakini njiwa wamejaa pale pale kilipokuwa, wanalala chini kama kuku, na vicheche wanajichagulia. Mama Gerda alitoa machozi. Halafu akachora mashimo.

Sasa habari za mama. Mama yangu ana ulimi lakini hana kisu. Kahamishwa katika utu uzima, ana uchungu, atautemea wapi? Wewe ndiye mdogo. Muombe radhi, yaishe. Kuomba radhi hakumpunguzii mtu kimo. Kuja siwezi sasa, kazi kama hii haipatikani mara mbili, na kesho tunaelekea Chunya mpaka Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, kuna kibanda cha njiwa amekisikia huko. Mwisho wa mwezi nitakuwa Mbeya tena, niandikie hapa hapa dirishani.

Mbusu Regina. Mwambie baba anakuja na pipi.

Mumeo,
Liberatus


Tupendane,
22 Septemba 1974

Baba Regina,

Radhi nimeomba. Sasa sikiliza ulichonifanyia.

Nilipika pombe ya komoni, nikakamata yule kuku wangu mweusi anayetaga, nikaenda kwa mama. Baba Mdogo Saulo na wazee wenzake walikuwapo, nikaona ndiyo vizuri. Nikapiga magoti nikasema, kama kuna nililokosa, nisameheni. Baba Mdogo akampokea kuku, akamwinua juu wenzake wamwone, akasema, "Mmeona? Amekuja naye mwenyewe, hakuitwa." Wakanywa komoni yangu mpaka ikaisha. Mimi nikadhani mambo yamekwisha, nikarudi naimba.

Kumbe kwenu, mkwe anayeleta kuku kabla hajaitwa barazani amekiri kosa! Mimi ni mtu wa Madibira, ningejua wapi? Kwetu kuku ni heshima. Wewe ndiye uliyezaliwa humu, wewe ndiye uliyeniandikia "muombe radhi" kama unamtuma mtu dukani.

Jioni ile ile mama akamchukua Regina alale kwake. Na kwake ni wapi? Chumba ni kile kile, wametundika mkeka katikati. Mtoto ananililia ng'ambo ya mkeka na mimi nimekatazwa kuitika. Nauma kanga. Liberatus, nauma kanga mpaka inachanika.

Sasa soma hapa kwa makini. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe na hukuona! Njiwa wa Usangu walirudi kwenye shimo la nguzo. Kwenye shimo! Nyumba yao ilihamishwa, nao wakaiacha wakarudi pale ilipokuwa. Basi njiwa wa mama wako Lugangwa saa hizi, hawakunikimbia mimi wala mtu yeyote. Njiwa hafuati nyumba, anafuata mahali. Tulibeba nyumba tukadhani tumewabeba na wao.

Nilimsomea mama mistari hiyo. Akasema, "Wewe ndiye unayejua kusoma, utasoma unavyotaka." Nikaipeleka kwa Baba Mdogo. Akasema barua ya chumbani haiji barazani, Liberatus akiwa na neno aliandikie ukoo. Na kwenda Lugangwa kuangalia hawataki, wanawaogopa mgambo.

Watakungoja mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba. Usipoandika, watasema mume amekubali, na nitarudishwa kwetu bila mtoto. Waandikie wazee. Usinipambie maneno, sema tu njiwa wako Lugangwa, nendeni mkaone. Andika leo, hata kama mikono ina grisi.

Verediana


Makongolosi,
12 Oktoba 1974

Mama Regina,

Bado tuko huku! Giaboksi ya Kombi imekufa, imekufa kifo cha kweli, na spea imeagizwa Dar es Salaam. Posta ya kueleweka hakuna, barua hii nampa mtu wa lori anayeshuka Mbeya aitumbukize. Za kwako kama zipo zinanisubiri huko.

Mama Gerda analala ndani ya gari, mimi nalala chini ya gari, tunaulizana habari kwa kugonga bati. Kibanda cha njiwa tulichokifuata tulikikuta kimegeuzwa kiota cha kuku wa mchimbaji mmoja. Alikichora hivyo hivyo na kuku ndani, akasema ukweli ni ukweli. Unga wa huku ni yanga tupu, ule wa mahindi ya msaada, ugali wa manjano kama sabuni, lakini tunashukuru.

Ila nadhani hujaandika, na kimya hicho nimekipenda. Najua maana yake, waliokwisha kupatana hawana cha kuandika. Unaona sasa? Nilikuambia mama hana kisu. Nimekununulia kitenge, kina maua mekundu, ukikivaa Tupendane yote itageuka. Nadhani kwa vile sasa mnalala chumba kimoja mmekuwa marafiki, mtanisengenya mpaka nijute kuoa.

Giaboksi ikifika tu nitashuka Mbeya, na mwezi wa kumi na mbili nakuja nyumbani.

Wako anayenuka petroli,
Liberatus


Tupendane,
3 Novemba 1974

Liberatus,

Barua yako ya kitenge imefika jana. Wazee walipoona bahasha walidhani ndiyo ile wanayoingoja, wakataka isomwe palepale. Safari hii wakaikubali barazani! Nikaisoma. Nikafika kwenye "mmekuwa marafiki", watu wakainama. Baba Mdogo akauliza, "Kuna neno la njiwa humo?" Nikasema liko la njiwa wa Makongolosi. Akaniambia niketi.

Nilikuwa nimekwenda Lugangwa kabla ya hapo, peke yangu, sikungoja tena mtu. Nikapita porini mgambo wasinione. Na njiwa wapo, Liberatus! Wapo vile vile ulivyoandika, chini, penye mashimo ya nguzo, wamechafuka, wamepungua, lakini wapo. Nilikaa nikacheka kama mwehu. Nikakamata wawili nikawafunga kwenye kanga, nikasema leo nitawatupia barazani waruke, kila mtu aone mwenyewe.

Unakumbuka kibanda kilikuwa jirani na nini. Mgambo walinikuta hapo, penye kaburi la marehemu baba, mwanamke peke yake kwenye kaburi la mkwewe na kitu kinapapatika kwenye kanga. Niambie wewe ungesema nini. Njiwa waliwachinja njiani wakawala. Mimi wakanileta nimefungwa mikono, na nilipoanza kueleza habari za mashimo, wanawake walikwisha kuwaficha watoto wao.

Sasa hawasemi roho chafu. Wanasema neno jingine, na sitaliandika karibu na jina langu.

Kesho narudishwa kwetu. Regina wamempeleka kwa Baba Mdogo ili asinione natoka. Nilikuwa nimemsuka nywele upande mmoja tu, upande wa pili nilisema nitamalizia jioni.

Verediana


Posta ya Mbeya,
19 Novemba 1974

Kwa mama yangu Evarista,
na Baba Mdogo Saulo,
na wazee wote wa ukoo.

Katekista Mika, nakusihi, isome barua hii taratibu, usiruke neno hata moja.

Nimefika Mbeya leo nikazikuta barua za mke wangu zimelala dirishani pamoja. Nimezisoma nimesimama, halafu nikakaa chini mbele za watu.

Mama, ni mimi niliyemwambia aombe radhi. Nilisema radhi ya mdomo. Desturi ya kuku ilinitoka kichwani, nimekaa barabarani mno, na yeye hakuwa mtu wa kuijua. Alikuja kwa heshima mkampokea kwa hukumu. Kama kuna anayestahili kupigwa, ni mimi, na nitakuja nipigwe.

Njiwa hawakumkimbia mtu. Nimewaona kwa macho yangu, Usangu, na tena juzi njiani Chunya, kila penye mahame ni hivyo hivyo. Watu wanaondoka na vibanda, njiwa wanabaki na mahali. Nendeni Lugangwa. Baba Mdogo, wewe umepigana na nyati, utamwogopa mgambo? Nenda ukaone, halafu uende Madibira ukamrudishe mke wangu kwa mguu huo huo. Na mtoto arudi mikononi mwa mama yake kabla hajasahau sura.

Ningepanda gari leo hii. Lakini Mama Gerda yuko hospitalini, malaria imempanda kichwani, anaongea na watu wasiokuwapo, na hana mtu katika nchi hii isipokuwa mimi. Akisimama tu nampa funguo zake naja. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji anayelala Iringa kesho.

Mama, mimi ni mwanao. Sijakuomba kitu tangu nilipokuomba ruhusa ya kuoa. Nakuomba huyo huyo.

Liberatus


Tupendane,
27 Novemba 1974

Mwanangu Liberatus,

Anayeandika ni Katekista Mika, anayesema ni mimi mama yako. Nimemkataza kupamba.

Barua yako imesomwa. Wazee wamekwenda Lugangwa wamewaona njiwa. Wamerudi, Saulo hata ugoro hakuvuta. Mimi sikwenda. Sikuwa na haja ya kwenda, nilikuwa najua.

Mika ameacha kuandika, ananitazama. Andika, Mika, au nitafute mwingine.

Nimefuga njiwa tangu nikiwa mwali. Nisijue mimi kwamba njiwa anarudi mahali pake? Saulo aliposema wafungiwe nilikataa kwa sababu nilitaka warudi. Nilisema moyoni, acha basi hata hao warudi. Walipopita juu ya ofisi wakashika njia ya Lugangwa nilifurahi, halafu nikaona wivu. Wakati huo huo mkeo akapita na ndoo, anaimba. Anaimba! Huku! Nikamtupia neno. Majirani wakalidaka, na neno likishadakwa na kijiji haliwi lako tena. Hata ningesema nimefanya mzaha, wangesema mama wa watu amelogwa.

Usinitafutie sababu nyingine. Waliotuhamisha siwawezi, wana lori na bunduki. Mkeo nilimweza. Katika mwaka tuliofukuzwa sote, nami nilitaka nifukuze mtu. Ndiyo hiyo, haina nyingine chini yake. Wala usije na msamaha wa haraka, sitaupokea.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Saulo alikwenda Madibira kumfuata, akiwa na kuku wa kumwombea radhi kwa wazazi wake. Amerudi na kuku wake. Operesheni ya kuhamisha watu ilipita na kule, kabla mkeo hajafika. Amekuta kuta nyeusi na jiwe la kusagia. Wazazi wake wamepelekwa kijiji gani, hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Wachungaji wa ng'ombe walimwona mwanamke amekaa juu ya jiwe lile kutwa nzima na mzigo wake kichwani, hakuutua. Kesho yake hakuwepo.

Tulimrudisha kwao, mwanangu, na kwao hakupo.

Mtoto hali chakula. Analala, anaamka, anakwenda kuuvuta ule mkeka kutazama nyuma yake. Mkeka nimeuchoma, sasa anakwenda kutazama ukutani. Mwache mzungu na gari lake, njoo.

Mimi mama yako,
Evarista
(alama ya dole gumba)


Tupendane,
8 Desemba 1974

Kwa Verediana,
Misheni ya Madibira, apewe popote atakapoonekana.

Mke wangu,

Nimekuja. Najua nimechelewa, usinijibu hilo, kila mtu hapa ananijibu kwa macho.

Kazi nimeiacha. Mama Gerda alipopata nafuu nilimpa funguo, akashika mikono yangu akasema Liberatus nenda, mimi nitatafuta dereva mwingine. Sikumwambia kwamba michoro yake ndiyo iliyokuwa na habari zote na mimi nilikuwa naigeuza tu ikauke. Nilitamani kuichana. Ningeichana kwa kosa gani, kosa ni la macho yangu.

Nimepita Madibira kabla ya kufika hapa. Nimelikuta jiwe la kusagia. Nimeuliza vijiji vipya viwili vitatu vya jirani, majina ni Umoja na Amani na nini, hakuna aliyewaona wazee wako wala wewe. Nitaacha barua kama hii kila misheni, nakala hii nawapelekea masista wa Madibira. Ukipita kuomba maji, mtu atakupa.

Regina ananiogopa. Nilimpa pipi akaiweka chini akaendelea kutazama mlango. Nywele zake bado zimesukwa upande mmoja, mama amekataa zisiguswe, anasema mwenyewe atakuja kumalizia. Mama hasemi sana siku hizi. Jana alitoka na shoka akaivunja nyumba ya njiwa, akapikia kuni zake. Hakuna aliyemzuia.

Verediana, umetakasika hapa. Baba Mdogo amesimama barazani amesema mbele ya wote, yule mwanamke tulimwonea. Wale wale waliowaficha watoto wanauliza utarudi lini. Rudi uwatukane, nitakushikia kanga.

Mimi sitoki upande huu. Kila kukicha nitakwenda kijiji kimoja kuuliza, usiku narudi kwa mtoto. Mbeya siendi tena. Nifuate nini huko? Dirishani hakuna wa kuniandikia, wote ninaowapenda wako huku Iringa.

Liberatus


Posta ya Mbeya,
11 Desemba 1974

Baba Regina,

Naiandika hapa posta, kwa kalamu ya kamba iliyofungwa dirishani, karani ananung'unika kwamba ninaichelewesha.

Nimefika Mbeya. Kwetu niliwakosa, habari yake ni ndefu, nitakuambia tukiwa tumekaa. Niliwaza namjua nani duniani, nikaona nina anwani yako moja tu, dirisha hili. Nikapanda lori la mchele mpaka Rujewa, na kutoka pale nimetembea na kupanda, kutembea na kupanda. Nimepata pa kulala Mwanjelwa kwa mwanamke mmoja mwema, Leokadia, ananipa kona ya jikoni nami namtwangia mahindi ya kande anayouza sokoni.

Karani nimemwuliza kama anamjua dereva wa Kombi la Mama Njiwa. Amecheka, amesema anakujua sana, wewe hupotea safarini, halafu unatokea na kuuliza barua zako zote kwa mkupuo. Ameniambia nisihofu, mtu yule lazima atarudi, hajawahi kukosa. Maneno hayo yamenipa nguvu ya kula leo.

Barua zangu sijui kama ulizipata. Kama hukuzipata, hukunikataa, na hilo nitaweza kuishi nalo. Kama ulizipata ukanyamaza, basi njoo uniambie mwenyewe mdomo kwa mdomo. Hasira sina tena, ziliishia Madibira. Sikutaki kwa ugomvi. Nakutaka tu uje unitazame useme mbele ya mtu mmoja, hata huyu karani, kwamba unanijua. Halafu twende wote tukamchukue mtoto. Peke yangu nikienda watamficha tena, lakini wewe ni baba, hawatakufunga mikono.

Leokadia baada ya Krismasi anahamia Tunduma kwa dada yake, na mimi kona yangu itakwisha. Mpaka hapo nitakuja posta kila asubuhi. Baada ya hapo sijui pa kukuelekeza.

Nimekonda sana. Ukimwona mwanamke ameketi kwenye ngazi za posta na mzigo kichwani, usimpite, ni mimi.

Verediana